Nyasi Hazijui Bei ya Ardhi

Mjini, 9 Februari

Wifi yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe na si kwa kuegemea fimbo ya kuchungia, maana mara ya mwisho kiuno chako kilikuwa kinalalamika kuliko ng'ombe. Sisi huku tu wazima. Binti yangu amerefuka mpaka sare yake ya shule inaonekana ya kuazima. Huu ndio mwaka wake wa mtihani wa mwisho, kwa hiyo nyumba nzima inanyata, na nikisema nyumba nzima unajua namaanisha chumba kimoja na pazia. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, rangi ya ugoro, halafu akapandisha kodi. Kiwandani tunashona makoti ya mvua, na mvua yenyewe haijulikani iko wapi.

Wasalimie wanao, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mwambie kitinda mimba kwamba ile picha ya ng'ombe aliyonichorea nimeibandika juu ya cherehani yangu kazini. Msimamizi ameuliza kama yule ni mbwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tuliahidiana tusizungumze mambo ya ardhi kwa simu, na ahadi hiyo naiheshimu. Mimi na wewe kwenye simu hurukiana kama kuku. Kwenye barua angalau mtu humaliza sentensi yake. Tena simu yako haishiki mpaka upande kilimani, na ukifika huko juu huna pumzi ya kujibu. Kwa hiyo nampa dereva wa lori la maziwa bahasha hii, naye nimemtisha vya kutosha.

Binamu yetu wa stendi, yule mkata tiketi, amenipitia. Anasema ardhi ya huko bondeni imekuwa lulu. Magari yanayoteremka huko sasa yana viyoyozi. Anasema ekari moja ya malisho, si ya mahindi, ya malisho tu, inauzwa kwa pesa ambazo mama yetu angezisikia angeomba maji ya kunywa.

Wifi, mama alituachia ekari nne: mbili za juu za marehemu kaka, ambazo sasa ni zako na wanao, na mbili za mtoni ambazo ni zangu. Nataka kuuza zangu. Nina sababu zangu. Hati ni moja na ina majina mawili, kwa hiyo bila sahihi yako siwezi kusogea. Nakuomba, usininunie. Niambie bei ya kweli, na uniambie lini nije tusaini.

Akupendaye,
Wifi yako wa mjini


Bondeni, 2 Machi

Wifi,

Dereva wa lori ameleta barua yako ikiwa na alama ya maziwa pembeni, lakini nimesoma yote. Asante kwa salamu. Kiuno kipo, kinanisikiliza kikitaka. Kifungua mimba yuko gereji anajifunza ufundi, anarudi jioni mweusi mpaka nimtambue kwa meno. Kitinda mimba amekasirika kuhusu neno la mbwa. Anasema msimamizi wako aje akamue huyo mbwa.

Ng'ombe ni sita. Yule wa mabaka alipiga ndoo teke wiki iliyopita, maziwa yote yakamwagika. Nikamwambia wewe na wifi yangu mnafanana, mkiudhika hamchagui.

Umeuliza bei ya kweli. Mimi huihesabu kwa ng'ombe, maana noti hubadilika sura kila serikali ikibadilika, lakini ng'ombe wa maziwa ni yule yule. Mama alinisimulia kwamba yeye alipata ekari moja kwa mtamba mmoja, na watu wakamcheka kwamba ameliwa. Mimi nilipoolewa, ekari ilikuwa ng'ombe watatu. Mwaka alipotutoka marehemu, ilikuwa watano. Ilipowekwa lami mpaka kwenye daraja, ikaruka hadi wanane bila kupumzika. Leo ni ng'ombe kumi na wawili kwa ekari, na za mtoni, kama zako, wanaweza kuongeza.

Nani anauza? Karibu kila mtu. Fundi viatu ameuza. Yule mwalimu mstaafu ameuza zote, sasa anakuja kununua maziwa kwangu na kikombe chake, naye zamani ndiye aliyekuwa akituuzia sisi. Usidhani ni wajinga. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine ada, mwingine alichoka tu, na kuchoka si dhambi.

Na wanunuzi, hawaji kufuga. Wanasimamisha nguzo za zege, wanazungusha seng'enge, wanapigilia bango la namba ya simu, wanaondoka. Wanangoja bei ipande tena. Nyasi zinaota mpaka kifuani, zinakauka zimesimama.

Wifi, sikatai kusaini. Haki yako ni yako na sina ubavu wa kuizuia. Nakuomba kitu kimoja, nisubiri mpaka mvua zikatike. Usiniulize kwa nini. Na mimi nina sababu zangu.

Watoto wanakusalimu,
Wifi yako wa bondeni


Mjini, 21 Aprili

Wifi,

Salamu. Sisi wazima, ila binti alikuwa na mafua, sasa amepona na kiburi kimerudi. Nakuandikia mchana huu, jua limeingia dirishani mpaka limefika kitandani, na mtaa mzima umetulia isipokuwa fundi wa redio anayejaribu wimbo mmoja tangu asubuhi.

Nakuheshimu, kwa hiyo nitasema wazi. Amenipigia simu mtu anayeitwa Bwana Miwani. Sijui jina lake halisi, ndivyo binamu anavyomwita. Anasema amenunua karibu upande wote wa mashariki wa bonde, yeye na wenzake, na kwamba vipande vyake bila ekari zangu za mtoni ni kama nyumba bila mlango, havina maji. Ametaja bei. Si kumi na wawili, wifi. Ni kumi na watatu na nusu, ukipenda hesabu yako ya ng'ombe, ingawa sijui hiyo nusu utaikamuaje.

Halafu binamu akaniambia mengine. Kwamba wanaume wa magari wanakaa barazani kwako. Kwamba umeonekana ukitembea na mmoja wao kwenye vipande vilivyouzwa, mnahesabu hatua. Sisemi neno. Kaka amelala mwaka wa nne sasa, na mjane naye ni mtu. Lakini kama unauza cha kwako kimyakimya huku ukiniambia mimi nisubiri mvua, basi hapo tutakosana, na safari hii hata barua haitatusaidia.

Nasubiri mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo nitakwenda ofisi ya ardhi waigawe hati.

Salamu kwa watoto, wao hawana kosa.

Wifi yako


Bondeni, 30 Juni

Wifi yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliijibu mara nyingi kichwani nikikamua, na kila jibu lilikuwa kali, ng'ombe wakaanza kubana maziwa. Nikaona bora nipoe kwanza.

Watoto wazima. Mvua zimekatika jana juzi. Majani ni mazuri.

Kuhusu wanaume wa barazani: mmoja ni huyo Bwana Miwani. Wa pili ni daktari wa meno, ambaye kila nikicheka anatazama ndani. Wa tatu ni mama mmoja mwenye duka la vioo, binamu hakumwona vizuri kwa sababu ya kofia. Wifi, mimi kama ningetaka kuolewa ningetafuta anayejua kukamua. Hawa wakikanyaga kinyesi wanaomba samahani.

Niliwaita mimi. Ni kwa sababu ya jambo moja nililoliona nikiwa nachunga pembeni mwa seng'enge zao. Bei ya ardhi imepanda kutoka mtamba mmoja hadi ng'ombe kumi na wawili. Lakini bei ya kukodi nyasi, ya kulisha tu kwa mwaka mzima, ni ile ile ya siku niliyoolewa. Ndama dume mmoja kwa ekari, na ukibembeleza, nusu yake. Haijapanda, kwa sababu anayenunua siku hizi hanunui nyasi. Ananunua kesho. Nyasi anazo bure na hajui la kufanya nazo. Basi nikajiuliza, kwa nini nililie ardhi nisiyoweza kuinunua, wakati majani yake yanaoza bei rahisi?

Hayo ndiyo mambo tuliyokuwa tunahesabu kwa hatua, na ndiyo sababu nilikuomba ungoje mvua zikatike, nyasi zao ziwe zimesharefuka. Bado hatujakubaliana. Wanakuja tena mwezi wa nane.

Sasa la mwisho, na ukitaka usilijibu. Umeandika kwamba unaniandikia mchana, na jua limefika kitandani. Tarehe ile nimeitazama kwenye kalenda ya ushirika. Ilikuwa siku ya kazi. Sikuulizi kitu.

Njoo, wifi. Njoo uone kabla hujasaini. Ukishaona, hata ukisema tuuze, nitabeba kalamu yangu mwenyewe mpaka ofisi ya ardhi.

Wifi yako wa bondeni


Mjini, 19 Julai

Wifi,

Barua nimeipata. Shule zikifungwa nakuja na lori la maziwa. Usichinje kitu. Nitakula mnachokula.


Mjini, 3 Septemba

Wifi yangu,

Tumefika salama. Binti amelala njia nzima kichwa kikiwa kwenye debe la maziwa tupu, na sasa shavu lake lina alama ya duara kama muhuri. Ameanza kusoma tena. Ameniambia mke wa mjomba ana mikono mizuri. Nikamwambia ile ni mikono migumu kama ubao. Akasema, ndiyo, ndiyo maana.

Kuna mambo sikuyasema nilipokuwa kwako, kwa sababu ulikuwa huketi. Kila nikifungua mdomo unanipa ndoo. Acha niyaandike.

La kwanza, nilikuja nimeshaamua kuuza. Bwana Miwani alikuwa amenituma nije "kumlainisha wifi." Nililipokea neno hilo nikacheka naye. Niliposhuka pale kituo cha maziwa, nilikuwa nimevaa viatu vya kwenda ofisini.

Mhasibu wa ushirika akanijua kwa sura. Akasema nafanana na marehemu. Tukasalimiana, akaniuliza, "Umekuja kuchukua zako?"

Nikasema, "Zangu zipi?"

Akadhani natania. Akasema, "Za ile ardhi. Si wifi yako anakuwekea? Tangu mumewe afariki, kila mwezi anaacha hapa sehemu ya maziwa. Anasema anataka aununue upande wako kwa bei ya soko kamili, usije ukadhulumiwa na ukoo. Maskini, alianza ikiwa ng'ombe watano kwa ekari. Kila akikaribia, bei inamkimbia. Mimi nilimwambia akupe nusu, muelewane kifamilia. Akanijibu, bei ya kifamilia ndiyo inayovunja familia."

Wifi, nilisimama pale kituoni mpaka lori likaondoka. Mimi nilikuandikia maneno ya wanaume barazani. Wewe miaka yote hiyo ulikuwa unakimbizana na bei kwa ndoo, kwa ajili yangu, na ulipochoka ukaniomba jambo moja tu, nikusubiri mvua zikatike.

Sikukuambia kwamba nimesikia. Nilitaka nione kwanza.

Na niliona. Binti aliniuliza njiani kwa nini nilikuwa nakutazama vile, nikamwambia nitakuandikia wewe mwenyewe. Nataka nikueleze siku ile ya barazani jinsi ilivyoonekana kutoka upande wangu wa birika la chai, maana wewe huwezi kujiona.

Wageni uliwapa viti, wewe ukakaa kwenye kigoda cha kukamulia, na mabuti yako ya mpira miguuni. Nikasema moyoni, ameshashindwa, ameketi chini. Bwana Miwani akafungua mkoba, akaanza kwa sauti ile ya kusomea watoto.

"Mama, tumekaa na wenzangu. Tumenunua hapa kwa bei kubwa. Kwa hiyo kodi ya nyasi lazima ifanane na thamani ya ardhi. Hiyo ni hesabu tu, hakuna ubaya."

Ukamwacha amalize. Ukamwongezea sukari. Kisha ukasema, "Hesabu yako nzuri. Ila kuna mwenzetu hujamshirikisha."

"Nani?"

"Ng'ombe. Hawezi kutoa maziwa zaidi kwa sababu wewe umenunua ghali. Nyasi hazijui bei ya ardhi, baba. Ekari yako ikiwa ng'ombe kumi na wawili au mia, inashibisha ng'ombe wale wale wawili. Ukinitoza kwa bei ya ardhi, nitakulipa mwaka mmoja, wa pili nitauza ng'ombe wangu nikulipe, wa tatu utabaki na nyasi zako."

Daktari wa meno akacheka, akajizuia. Bwana Miwani akasema bora nyasi zikae kuliko kukodishwa bure.

Hapo ndipo ulipomgeukia daktari, taratibu kabisa. "Daktari, kiangazi kilichopita moto ulianzia kwako. Si wewe, alikuwa mpita njia na sigara. Moto huo uliteketeza bango lako na lango la mbao la mama wa vioo. Uliuzima wewe?"

"Hapana. Nilipigiwa simu asubuhi."

"Tuliuzima sisi. Mimi, na mwalimu mstaafu, na fundi viatu, kwa matawi mabichi. Watu waliokuuzia ndio waliokuzimia. Mwaka huu nyasi ni ndefu zaidi, na mwalimu magoti yamekwisha. Sasa mimi sikuombi hisani. Nitakulisha kipande chako kiwe kifupi, nitafyeka njia ya moto pembeni, nitakaza seng'enge yako ikilegea. Utanitoza bei ya nyasi. Tuandikiane miaka mitatu. Na siku ukitaka kuuza, mnunuzi wako atakuta shamba, hatakuta pori."

Wifi, daktari ndiye aliyesema kwanza, "Mimi nimekubali." Mama wa vioo akafuata, akauliza kama anaweza kupewa lita mbili za maziwa kila akija. Nikaona Bwana Miwani amebaki peke yake kama jino bovu.

Akajaribu njia nyingine. "Sawa. Nitakupa vipande vyangu vyote kwa bei yako ya nyasi. Lakini mniuzie za mtoni."

Hukupandisha hata sauti. Ulisema, "Hizo si zangu za kujibu. Mwenyewe ndiye huyo anayekumiminia chai. Muulize."

Akanigeukia akitabasamu, maana sisi wawili tulikuwa na maneno yetu ya simu. Ulikuwa humtazami yeye wala mimi. Ulikuwa unakuna tope lililokauka kwenye buti. Ungeweza kunikonyeza, ungeweza kusema "wifi, kumbuka watoto wa kaka yako." Hukusema. Ulijua kwamba nikiuza za mtoni ng'ombe wako hawana pa kunywa na mpango wote umekufa, na uliniachia.

Nilikuwa nimekuja kusema ndiyo. Ulimi ukanitangulia. Nikasema, "Haziuzwi, baba. Ongeza chai?"

Akaondoka, na asubuhi akarudi akasaini kama wenzake.

La pili lililonishinda nguvu: hukujichukulia peke yako. Nilidhani umewapiku waliouza, kumbe ulikuwa umewawekea nafasi. Ile asubuhi mwalimu mstaafu alipokuja na kikombe chake, ukamwambia, "Mwalimu, kikombe weka. Kipande chako cha zamani nimekikodi. Tafuta mtamba, utalisha humo, kodi tutagawana." Yule mzee alikitazama kikombe kama mtu aliyekamatwa nacho. Halafu akazunguka nyuma ya zizi. Nilikuwa huko nikianua nguo. Wifi, alikuwa analia, nami nikajifanya nahesabu vibanio.

Nimefanya kazi chini ya wasimamizi wengi, wenye vyeti na wasio navyo. Sijaona mtu akishinda vile bila kumwacha hata mmoja akiwa mdogo. Kaka alijua kuchagua. Kama yupo anakosikia, namwambia hivyo.

Sasa la kwangu. Ulilijua, hukuliuliza, na kwa hilo pia nakushukuru. Kiwanda kilifungwa mwezi wa tatu, na tangu Januari tulikuwa tunasikia kitafungwa. Walituita uani, wakatusomea karatasi, tukaenda kuchukua vikombe vyetu. Sasa nashona kwenye baraza ya duka la vitambaa, kwa kipande. Tunakula. Wakati ule nilitaka kuuza ili binti asijue kwamba mama yake hana kazi. Anajua tangu Aprili, kumbe. Watoto hawafichwi kitu.

Umenialika nihamie huko. Acha nifikirie. Binti amalize mtihani kwanza, na wateja wa baraza wameanza kunizoea. Lakini sikiliza uamuzi wangu. Ekari zangu siziuzi, kwa Bwana Miwani wala kwako. Acha kukimbizana na bei. Zilishe ng'ombe wako, unilipe kodi ya nyasi kama unavyomlipa daktari wa meno, usizidishe hata kidogo. Na ile akiba yako, nunua ng'ombe.

Swali moja tu unijibu. Kwa nini hukuniambia?

Wifi yako


Bondeni, 18 Oktoba

Wifi yangu mpenzi,

Tuko salama wote, nanyi nawaombea hivyo. Mwambie mwanafunzi wetu asisome mpaka macho yawe mekundu, na akienda kufanya mtihani ale kwanza. Kifungua mimba amepewa kufungua injini peke yake, akabakiza boliti mbili asijue ni za wapi, na gari limetembea. Kitinda mimba anadai utume picha ya cherehani yako, naye aone kama ni mbuzi.

Barua yako nilimsomea mwalimu mstaafu, isipokuwa pale alipo yeye. Pale niliruka. Mtamba wake amempata, mwekundu, mkaidi. Anamsemesha kwa sauti ya darasani.

Umenisifu mpaka nikatafuta nani anayesemwa. Ukweli ni kwamba siku ile niliketi kwenye kigoda kwa sababu ya kiuno, si kwa ujanja. Na tope la buti nililikuna ili nisikutazame nikakuponza. Wewe ndiye uliyekuwa na la kupoteza. Ulikuwa huna kazi, una mtoto wa mtihani, na mtu ameshika pesa mkononi mbele yako, ukamwuliza kuhusu chai. Mimi nilikuwa najadili nyasi. Wewe ulikataa ng'ombe ishirini na saba. Usiku ule niliwaambia wanangu, mkiulizwa ujasiri ni nini, semeni ni shangazi yetu na birika.

Kodi yako ya kwanza ya nyasi nimempa dereva. Ni bei ya daktari wa meno kamili, nimeapa. Nimeongeza lita tatu za maziwa, hayo si kodi, hayo ni ya mtoto.

Bwana Miwani amepita juzi. Sasa ekari ni ng'ombe kumi na wanne. Amesema bonde limependeza, nyasi zimelingana kama zulia, wanunuzi wanasimamisha magari kutazama. Yaani nimelisha, nimefyeka, nimekaza seng'enge, mpaka nimejipandishia bei mwenyewe. Nilicheka mbele yake. Akadhani nafurahia bei, akacheka pia. Ni mtu mzuri akizoeleka.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Wifi, ningekuambia, ungenipunguzia. Nakujua. Ungesema lete ulicho nacho, tumalize, sisi ni ndugu. Na mimi ningekubali kwa sababu ya shida, halafu kila bei ikipanda ningekutazama usoni nione kama unajuta. Nilitaka uipate yote, au usiiuze. Katikati hapo nilipaogopa.

Akiba nimeifanyia ulivyosema. Nimenunua mitamba wawili kutoka ng'ambo ya mto. Mmoja wao bado ana woga, mwingine anajiona wa hapa tangu zamani.

Na kuna jambo nimelifanya bila kukuuliza, utaniambia kama nimekosea. Ile seng'enge iliyotenganisha upande wako na wangu, marehemu aliiweka mwaka ule mama alipogawa, ili asije akasemwa kwamba anakula haki ya dada yake. Kila kiangazi alikuwa anaikagua, hata kabla ya kukagua ya kwetu ya barabarani. Sasa kwa kuwa umenikodisha, nimeona haina kazi. Mimi na kifungua mimba tumeing'oa yote, nguzo na lango, tukaikunja ikawa mizigo minne. Alama za mpimaji nimeziacha pale pale ardhini, haki yako haijasogea hata kidole.

Asubuhi nikawatoa ng'ombe. Wakatembea vizuri mpaka pale waya ulipokuwa, wakasimama. Wote sita, pua mbele, wanatazama nyasi za mtoni zilizo wazi kabisa mbele yao, na hakuna anayeinua mguu. Wengine walijazana pale lilipokuwa lango, wakingoja nilifungue kama saa ya kwenda kunywa. Niliwaita, nikawapiga miluzi, nikamsukuma yule wa mabaka kwa bega langu zima. Hakusogea. Nikaketi chini nikawatazama, nikamkumbuka marehemu jinsi alivyoukaza ule waya, na nikashindwa kuwalaumu.

Wale mitamba wawili walikuwa nyuma, wakila. Hawakuwahi kuujua huo waya. Yule asiye na woga alikuja anakula hivi hivi, kichwa chini, akapita katikati ya wenzake, akaupita mstari, akaendelea kula mpaka mtoni. Wa mabaka akamtazama. Kisha akanusa ardhi, akaweka mguu mmoja upande wako, akaweka wa pili, na wengine wote wakamfuata.

Wifi yako